Kutengeneza au Kusakinisha Upya Programu ya Uhandisi Iliyoharibika Bila Kupoteza Miradi

Programu ya kuchora majengo, ya kukokotoa nguvu za mihimili au ya kuongozea mitambo inapokataa kufunguka, watu wengi huwahi kuiondoa na kuisakinisha upya, kwa kuwa huo ndio ushauri wanaoupata kila wanakouliza. Ushauri huo hufaa mara nyingine, lakini visa vingi nilivyovishughulikia havikuuhitaji, na katika visa vichache ni kusakinisha upya kwenyewe kulikoleta hasara. Kisakinishi kwa kawaida hakigusi michoro uliyoihifadhi. Hasara hutokea pembeni mwa michoro: maktaba ya alama inayofutwa pamoja na programu, leseni inayobaki imefungwa kwenye usakinishaji uliokwisha kufa, au mradi unaofunguliwa katika toleo jipya na kuhifadhiwa humo hata usiweze kurudi katika toleo ambalo wenzako wanalitumia.

Maelezo haya yanahusu kompyuta za Windows, ambako programu nyingi za aina hii hufanyia kazi. Hatua zimepangwa kwa mfuatano wa makusudi, na inayofuata isianzwe kabla iliyotangulia haijakamilika, hasa zile zinazohusu nakala.

Mradi una sehemu ngapi

Kila programu ya uhandisi ina matabaka matatu. La kwanza ni programu yenyewe, ambayo hukaa ndani ya folda ya Program Files. Hili hupatikana tena kutoka kwa mtengenezaji, kwa hiyo likipotea si msiba. La pili ni mipangilio na maktaba zako: menyu ulizozipanga, violezo vya karatasi, orodha za unene wa mistari, alama, vipuri vya kawaida na programu ndogondogo ulizoziandika mwenyewe. Haya hutawanyika katika folda za AppData na ProgramData, ambazo Windows huzificha, na mengine huandikwa katika rejista ya mfumo, yaani hifadhidata ya mipangilio ya Windows. La tatu ni mradi.

Tabaka la tatu huwadanganya watu kwa sababu huonekana kama faili moja. Mradi wa Ansys Workbench, programu ya uchambuzi wa kihandisi, una faili ya .wbpj, lakini kazi halisi imo katika folda iliyo kando yake yenye jina lilelile likimaliziwa na _files. Ukinakili faili peke yake umenakili mlango bila nyumba. Mradi wa TIA Portal, programu ya Siemens ya kuongozea mitambo, ni folda nzima, na faili unayoibofya ni njia ya kuingilia tu. Faili ya muunganiko (assembly) ya SolidWorks, programu ya kuchora vipuri vya mashine kwa pande tatu, haibebi vipuri ndani yake, ila huandika vipuri hivyo viko wapi. Mchoro wa AutoCAD, programu ya kuchora, unaweza kutegemea michoro mingine iliyoambatishwa kwa nje, picha, fonti za .shx na faili ya .ctb inayoamua mistari itachapwa kwa unene gani.

Tabaka la pili niliwahi kulipuuza. Niliondoa programu ya kuchora, nikakubali pendekezo la kufuta mipangilio ya mtumiaji, nikasakinisha upya, na michoro yote ikafunguka bila kasoro. Siku ya kuchapa ndipo ukuta, mlango na mstari wa kipimo vilipotoka vyote kwa unene mmoja, kwa sababu faili ya .ctb ilikuwa imefutwa na haikuwa na nakala popote. Hakuna mradi uliopotea siku hiyo, lakini jioni nzima iliishia katika kupanga upya unene wa kila rangi.

Acha kuifungua, kisha okoa faili za muda

Programu ikianza kuanguka, usiendelee kuifungua na kuhifadhi kwa matumaini kwamba safari hii itatulia. AutoCAD, kwa mfano, kila unapohifadhi huigeuza hali iliyotangulia kuwa faili ya .bak ndani ya folda ileile. Ukihifadhi mchoro ulioharibika mara moja, .bak bado ina hali nzuri. Ukihifadhi mara ya pili,.bak nayo inakuwa nakala ya uharibifu. Vivyo hivyo, faili za .sv$ ambazo programu hiyo huziandika yenyewe kila baada ya muda hukaa katika folda ya muda ya Windows na hufutwa programu ikifungwa kwa njia ya kawaida. Kwa sababu hiyo pia, usiendeshe zana za kusafisha diski kabla ya hatua hii, kwa kuwa folda ya muda ndiyo ya kwanza kufagiliwa.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %TEMP%, kisha zipange faili kwa tarehe na unakili zile zinazohusu kazi yako kwenye diski nyingine. Baada ya hapo tafuta hifadhi ambazo programu yako huziacha karibu na mradi. Revit, programu ya kusanifu majengo, huacha matoleo yenye namba, kama vile jina la mradi likifuatwa na .0001.rvt. ETABS, ya kukokotoa nguvu za majengo, huandika, kila unapohifadhi, nakala ya matini yenye kiendelezi (herufi za mwisho wa jina la faili) .$et ambayo unaweza kuibadilisha jina iwe .e2k na kuiingiza katika mradi mtupu. Matokeo ya uchambuzi hayamo, lakini muundo, mizigo na sehemu za nondo na zege zinarudi, na uchambuzi huendeshwa upya. MATLAB, ya hesabu za kihandisi, huacha faili za .asv kwa programu ulizoandika, na Simulink, mwenzake wa kuigiza mifumo, huacha zenye kiendelezi .autosave. KiCad, ya kuchora saketi za elektroniki, huweka hifadhi zilizobanwa katika folda ambayo jina lake huishia na -backups.

Faili hizi zote usizifungue mahali zilipo. Zinakili kwanza, ndipo ubadilishe jina la nakala. Faili ya .bak au .sv$ ikibadilishwa kiendelezi kuwa .dwg hufunguka kama mchoro wa kawaida.

Nakala kamili, na namna ya kuijaribu

Ikiwa programu bado inafunguka hata kwa kuyumba, tumia zana yake yenyewe ya kufungasha, kwa kuwa inajua utegemezi ambao jicho haliuoni. AutoCAD ina amri ya ETRANSMIT, inayokusanya mchoro, michoro iliyoambatishwa, fonti na faili za kuchapia katika kifurushi kimoja. SolidWorks ina Pack and Go. Ansys Workbench huhifadhi mradi wote katika faili moja ya .wbpz, na TIA Portal ina kazi ya kuhifadhi mradi katika kumbukumbu iliyobanwa, ambayo kiendelezi chake huanza na .zap kikifuatwa na namba ya toleo.

Programu isipofunguka kabisa, nakili folda nzima, ukianzia ngazi ya juu kuliko unavyodhani inahitajika, kwa kuwa viungo vingi huelekea kwenye folda jirani. Kwa mzigo mkubwa, kuburuta kwa kipanya hakufai: faili moja ikikataa, hutajua zipi zimebaki. Amri ya robocopy, iliyomo katika Windows, huandika ripoti ya kila kitu:

robocopy "D:\Miradi" "E:\Nakala\Miradi" /E /R:2 /W:5 /LOG:E:\Nakala\ripoti.txt

Alama ya /E huchukua folda zote za ndani hata zilizo tupu, /R na /W hupunguza muda wa kung'ang'ania faili iliyofungwa, na ripoti hukuonyesha mwishoni ni faili ngapi zimeshindikana. Usitumie /MIR kwa kazi hii. Alama hiyo hulazimisha folda ya mwisho ifanane kabisa na ya mwanzo, maana yake hufuta upande wa nakala chochote ambacho upande wa asili hakina tena. Na ikiwa asili imeshapoteza faili, nakala nayo itazipoteza.

Ikiwa miradi yako inakaa katika folda inayooanishwa na wingu, hakikisha faili zimo kweli kwenye diski. Huduma nyingi za aina hiyo huonyesha jina la faili huku yaliyomo yakiwa yamebaki kwenye seva. Chagua kwanza folda hiyo ibaki daima kwenye kifaa, ngoja upakuaji ukamilike, kisha sitisha uoanishaji kwa muda wote wa matengenezo ili ufutaji wowote wa bahati mbaya usisambae kwenye kompyuta nyingine.

Sasa ijaribu nakala. Kwa faili muhimu, amri ya certutil -hashfile ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256 hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu. Ukiiendesha kwenye asili na kwenye nakala, na mifuatano ikilingana, faili hizo mbili ni sawa kabisa. Hilo linathibitisha unakili tu, halithibitishi uzima wa mradi. Kwa uzima, fungua nakala kwenye kompyuta nyingine yenye toleo lilelile la programu, ukiwa umeondoa diski ya asili, ili viungo vilivyosahaulika vijitokeze. Kama hakuna kompyuta ya namna hiyo, DWG TrueView ya Autodesk na eDrawings ya SolidWorks hupatikana bila malipo na hutosha kuona kama faili inasomeka. Ukifungua katika toleo jipya zaidi, usihifadhi.

Baada ya mradi, nakili tabaka la pili. Katika AutoCAD, fungua dirisha la OPTIONS, nenda kwenye sehemu ya wasifu na uutoe wasifu wako kama faili ya .arg, kisha nakili folda ya Autodesk iliyo ndani ya %APPDATA%, ambamo menyu zako, violezo vya uchapaji na faili za .ctb hukaa kwa kawaida. SolidWorks ina zana ya kunakili mipangilio inayotoa faili ya .sldreg, na maktaba yake ya vipuri vya kawaida hukaa mara nyingi katika C:\SOLIDWORKS Data. Folda hiyo hubeba vipimo na namba za vipuri ulizozihariri, kwa hiyo isisahaulike. Katika MATLAB, andika prefdir nayo itakuonyesha folda ya mipangilio. Chukua pia startup.m na pathdef.m kama ulizitengeneza.

Leseni ina taratibu zake

Leseni haifuati mantiki ya faili. Katika programu ambazo leseni hufungamana na kompyuta, kama SolidWorks ya mtu mmoja au baadhi ya leseni za MATLAB, izime leseni kutoka ndani ya programu au kisakinishi chake kabla ya kuondoa chochote, la sivyo mfumo wa mtengenezaji utaendelea kuihesabu kuwa inatumika. Katika bidhaa za Siemens, funguo za leseni hukaa kwenye diski yenyewe, chini ya folda iliyofichwa iitwayo AX NF ZZ, nazo huhamishwa kwa Automation License Manager pekee. Kuinakili folda hiyo kwa mkono hakuhamishi ufunguo, na kuifuta au kuumbiza diski kabla ya kuhamisha huuangamiza. Wapo walioifuta wakidhani ni takataka ya virusi kwa ajili ya jina lake la ajabu.

Kwa leseni ya mtandao, andika jina la seva na lango (port) lake kabla ya kuanza. Kwa bidhaa za Autodesk anwani hiyo hupatikana mara nyingi katika kigezo cha mazingira cha ADSKFLEX_LICENSE_FILE. Pamoja na hayo, andika toleo kamili la programu, masasisho yaliyowekwa, lugha, na orodha ya nyongeza zote, yaani programu ndogo zinazochomekwa ndani yake. Piga picha za madirisha hayo kama programu bado inafunguka.

Je, kinachoumwa ni programu au ni mchoro?

Hapa ndipo muda mwingi huokolewa, na ndipo watu wengi huruka. Fungua faili mpya, tupu. Ikifunguka na kufanya kazi, huku mradi mmoja tu ukianguka, ugonjwa umo katika mradi huo, na kusakinisha programu upya mara kumi hakutaubadilisha. Faili tupu nayo ikianguka, tengeneza akaunti mpya ya mtumiaji katika Windows na ujaribu humo: programu ikifanya kazi katika akaunti mpya, kilichoharibika ni mipangilio ya akaunti yako ya zamani, na hapo pia hakuna haja ya kuondoa programu. Ikianguka hata katika akaunti mpya, ndipo shaka huangukia programu yenyewe, kadi ya michoro au Windows.

Ushahidi zaidi umo katika kumbukumbu za mfumo. Andika perfmon /rel katika dirisha la kuendeshea amri, na Windows itakuonyesha kalenda ya hitilafu pamoja na masasisho yaliyowekwa siku hizohizo. Mara nyingi utaona programu ilianza kuanguka siku ileile kiendeshi (driver) kipya kilipoingia. Ukifungua maelezo ya hitilafu, tafuta moduli iliyosababisha. Jina nvoglv64.dll ni la kiendeshi cha kadi ya NVIDIA, na atio6axx.dll ni la kiendeshi cha AMD. Malalamiko kwamba VCRUNTIME140.dll haipo humaanisha kifurushi cha Visual C++ cha Microsoft kimeondolewa au kimeharibika, nacho husakinishwa peke yake kwa dakika chache. Angalia pia nafasi iliyobaki kwenye diski ya C. Programu za uchambuzi huandika faili kubwa sana za muda, na diski iliyojaa huzaa makosa yenye majina ya kutisha yasiyotaja diski kabisa.

Ikithibitika kwamba mchoro ndio mgonjwa, mtibu huyo. Katika AutoCAD, anza mchoro mtupu, endesha RECOVER juu ya nakala, kisha AUDIT ukikubali masahihisho, kisha PURGE, inayoondoa visivyotumika. Ikiwa kuna michoro iliyoambatishwa, RECOVERALL huipitia yote. Ikishindikana, ingiza mchoro mbovu kama kipande ndani ya mchoro mtupu. Katika Revit, weka alama kwenye kisanduku cha Audit katika dirisha la kufungulia, na kama mradi ni wa kushirikiana, ufungue ukiwa umetengwa na faili kuu ili usiiguse kazi ya wenzako wakati unachunguza.

Matengenezo kabla ya upasuaji

Anza na jambo dogo: washa kompyuta upya kwa kuchagua Restart. Kuizima na kuiwasha si sawa, kwa kuwa Windows yenye uwashaji wa haraka huhifadhi sehemu ya hali yake inapozimwa na kuirudisha pamoja na kasoro zake. Restart ndiyo huanza upya kweli.

Pili, iweke kadi ya michoro pembeni. SolidWorks ina zana iitwayo Rx inayoweza kuifungua programu bila kutegemea kadi, na nyingine ya kuifungua kwa kupuuza mipangilio yako. AutoCAD hupokea alama ya /nohardware mwishoni mwa njia yake ya mkato. Programu ikitulia katika hali hiyo, sakinisha kiendeshi ambacho mtengenezaji wa programu amekithibitisha kwa kadi yako, hata kama si kipya kuliko vyote. Viendeshi vipya hutolewa kwa ajili ya michezo mara nyingi zaidi kuliko kwa ajili ya michoro.

Tatu, zima nyongeza zote, kisha ziwashe mojamoja. Nne, rudisha mipangilio ya awali. AutoCAD ina njia ya mkato ya kazi hiyo katika menyu ya kuanzia, nayo hukupa nafasi ya kutunza ya zamani kwanza. MATLAB iliyochanganyikiwa njia zake hutulizwa kwa amri ya restoredefaultpath. Programu isiyo na zana ya namna hiyo, ifunge, kisha ibadilishe jina folda yake ya mipangilio kwa kuongeza neno _zamani. Ikifunguliwa itatengeneza folda mpya, na ukiona hali haikubadilika unairudishia jina lake. Kufuta hakuna faida yoyote hapa ambayo kubadilisha jina hakuileti.

Tano, ipime Windows yenyewe. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uendeshe hizi kwa mfuatano:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza huponya ghala ambalo ya pili huchukua faili zake, ndiyo maana mfuatano una maana. Sita, na ya mwisho kabla ya kuondoa, tumia urekebishaji wa kisakinishi chenyewe, unaopatikana kwenye orodha ya programu ya Windows au katika msimamizi wa usakinishaji wa programu husika. Urekebishaji hutegemea vifurushi vilivyohifadhiwa katika C:\Windows\Installer. Watu hufuta folda hiyo wakitafuta nafasi, na tangu hapo programu haiwezi kurekebishwa, kusasishwa wala kuondolewa kwa njia safi.

Kuondoa

Kabla ya kuondoa, hakikisha kisakinishi kamili cha toleo lilelile kiko mkononi, kimepakuliwa chote na kimefunguka. Wapo watengenezaji wanaotoa matoleo machache ya karibuni tu, na hutaki kugundua hilo ukiwa umeshabaki bila programu.

Ondoa nyongeza kwanza, kisha masasisho yanayoondoleka, kisha programu. Soma kila dirisha. Swali la kufuta data au mipangilio ya mtumiaji lijibu hapana, isipokuwa umeshathibitisha kwamba mipangilio ndiyo chanzo na nakala yake unayo. Kama kompyuta ina matoleo mawili ya mtengenezaji mmoja, jihadhari na vipande vinavyotumiwa na yote mawili: huduma ya leseni ya Autodesk, kwa mfano, ikiondolewa kwa ajili ya toleo lililoharibika, hata toleo zima hukoma kufunguka. Kisakinishi kikikataa kuondoa, Microsoft ina zana yake ya kutatua matatizo ya kusakinisha na kuondoa programu, nayo ni salama kuliko zile zinazojitangaza kuwa husafisha rejista, ambazo mimi sizitumii kwenye kompyuta yenye kazi.

Mabaki katika Program Files, ProgramData na AppData yabadilishe majina. Kisha washa kompyuta upya.

Kusakinisha

Toleo liwe lilelile lililokuwapo. Sababu ni mfumo wa faili: mradi wa Revit ukifunguliwa katika toleo la mwaka unaofuata hupandishwa, na ukishahifadhiwa haurudi chini. AutoCAD ni mpole zaidi, kwani mfumo wa DWG wa mwaka 2018 umetumiwa na matoleo mengi yaliyofuata, lakini hata humo baadhi ya vitu maalumu vya programu za ziada havivumilii. Kama unataka kupanda toleo, lifanye siku nyingine, kama kazi ya peke yake, ili hitilafu ikitokea ujue imetoka wapi.

Weka kisakinishi kwenye diski ya ndani, katika folda yenye jina fupi kama C:\Weka. Programu nyingi bado hushindwa na njia zinazozidi herufi 260, na folda iliyozikwa ndani ya folda nyingine tano hufikia kikomo hicho upesi. Kiendeshe kwa mamlaka ya msimamizi. Usakinishaji ukikatika kwa kosa la 1603, usishtuke na wala usitafute maana ya namba hiyo, kwa sababu ni kosa la jumla la Windows Installer lisilosema chochote. Fungua faili ya kumbukumbu iliyoachwa katika %TEMP%, tafuta maneno Return value 3, na usome mistari iliyo juu yake. Sababu halisi imeandikwa hapo, mara nyingi ni ruhusa ya folda, huduma iliyozimwa au kifurushi cha Visual C++ kilichogoma.

Usakinishaji ukikamilika, fungua programu ikiwa tupu, washa leseni, chora mstari, hifadhi, funga, fungua tena. Ndipo uweke masasisho yaliyokuwapo awali. Nyongeza zifuate mojamoja, ukifungua programu baada ya kila moja.

Kurudisha mipangilio bila kurudisha ugonjwa

Kosa ninaloliona zaidi ni la mtu aliyefanya yote haya vizuri, kisha akamwaga folda nzima ya zamani ya AppData juu ya mpya, na programu ikaanza kuanguka kama jana. Rudisha kwa mafungu. Anza na vitu vinavyojitegemea ambavyo haviwezi kuivuruga programu: violezo, faili za .ctb, fonti, maktaba za alama. Fuatisha mipangilio ya vichapishi. Wasifu na menyu zije mwisho, na kama awali programu ilianguka katika akaunti yako ya zamani tu, menyu hizo zipange upya kwa mkono badala ya kuzirudisha.

Viungo vya miradi mara nyingi hutegemea njia kamili, pamoja na herufi ya diski. Ikiwa miradi ilikuwa kwenye D na sasa diski hiyo inaonekana kama E, ibadilishie Windows herufi kabla ya kufungua mradi wowote. Ni rahisi mno kuliko kuelekeza upya mamia ya vipuri. Katika SolidWorks, hakikisha programu inaelekea kwenye maktaba yako ya vipuri vya kawaida na si kwenye mpya iliyoletwa na kisakinishi, kwani vinginevyo bolti zinaweza kubadilika ukubwa ndani ya muunganiko bila onyo la wazi.

Kuhakiki kwa namba

Fungua nakala ya mradi, si asili. Kufunguka peke yake hakutoshi. Chapa karatasi mbili tatu kuwa PDF na uzilinganishe na PDF za zamani, ukiangalia unene wa mistari, fonti za maelezo na picha zilizoambatishwa. Katika muundo wa pande tatu, linganisha uzito wa jumla na idadi ya vipuri. Katika ETABS au SAP2000, endesha uchambuzi upya na ulinganishe jumla ya nguvu kwenye misingi na vipindi vya mtikisiko na vile vya ripoti ya zamani. Tofauti ikizidi ukadiriaji wa desimali, kuna toleo, msimbo wa usanifu au mpangilio ambao haukurudi kama ulivyokuwa.

Mradi wa kuongozea mitambo una tahadhari yake. Baada ya kuukusanya upya (compile) katika TIA Portal, unganisha na kidhibiti (PLC, kompyuta inayoendesha mtambo) na ufanye ulinganisho wa kilichomo ndani yake na kilichomo katika mradi, bila kupakia chochote. Mradi usiolingana na kidhibiti unaweza kuwa nakala ya zamani, na kuupakia hufuta marekebisho yaliyofanywa kwenye mtambo tangu wakati huo. Upakiaji wa mipangilio ya vifaa nao husimamisha kidhibiti, na mtambo pamoja nacho.

Namba zikilingana, ruhusu uoanishaji wa wingu urejee, na uendelee kufanya kazi kwenye asili. Katika AutoCAD hakikisha ISAVEBAK (uandishi wa .bak) ni 1 na SAVETIME (muda wa kuhifadhi yenyewe) si sifuri, kwa kuwa kurudisha mipangilio ya zamani huweza kuwa kumezizima. Nakala uliyoichukua mwanzoni, pamoja na folda zenye neno _zamani, ziache zilivyo mpaka mradi mmoja uwe umepita hatua zote za kazi, kuanzia kuhariri hadi kuchapa na kukabidhi, ndipo uzifute.